“Stake a claim”: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msemo wa kigingi na dai

Msemo huu una maneno matatu tu, lakini nimeuona ukiharibu habari nzima. Ukitafsiriwa ovyo, anayedai anageuka mwenye mali, na msomaji wa Kiswahili anaondoka akiamini shauri limekwisha kumbe halijaanza hata kusikilizwa. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi na wanafunzi na watafsiri wenzangu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana historia ndani yake, na sehemu ya historia hiyo imepita kwetu.

“Stake a claim” maana yake nini hasa?

Ukiuchukua neno kwa neno, ni kupigilia kigingi ili kutangaza dai. “Stake” ni mti uliochongwa ncha ukakitwa ardhini. “Claim” ni dai, na kwa wachimbaji wa madini likawa pia jina la kipande chenyewe cha ardhi kinachodaiwa: mchimbaji aliweza kusema analala kwenye “claim” yake, anaiuza, au amenyang'anywa.

Leo msemo unatumika hata pasipo na udongo. Nchi inautumia kwa bahari, mwanasiasa kwa uongozi wa chama, mwanamuziki kwa mtindo anaosema ameuanzisha yeye. Maana inayobaki popote ni hii: mtu amefanya jambo la kuonekana ili wengine wajue kwamba kitu fulani anakitaka na anajiona ana haki nacho.

Kwa hiyo ndani ya msemo kuna tendo, si maneno matupu. Kuna kigingi, hata kama siku hizi kigingi hicho ni hotuba, bendera au magoli mawili. Lakini hakuna hukumu. Msemo hausemi kama dai ni la haki wala kama limekubaliwa. Aliyepigilia kigingi bado anasubiri kuona nani atakuja kuking'oa.

Kigingi chenyewe kilitoka wapi?

Kilitoka Marekani ya karne ya 19, katika mashimo ya dhahabu. Tarehe 24 Januari 1848, James Marshall, seremala aliyekuwa akijenga kiwanda cha kupasulia mbao kwa ajili ya John Sutter, aliona chembe za dhahabu kwenye mfereji wa maji mahali paitwapo Coloma, California. Siku tisa baadaye, tarehe 2 Februari, Mexico ilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo na California ikaingia mikononi mwa Marekani. Wachimbaji walipoanza kumiminika kwa maelfu mwaka 1849, hapakuwa na sheria yoyote ya nchi iliyoeleza nani achimbe wapi. Sheria ya Mexico ilikuwa imeondoka, ya Marekani haijafika.

Wachimbaji wakajitungia kanuni. Kila bonde liliitisha mkutano, likachagua karani, likakubaliana ukubwa wa kipande cha mtu mmoja na namna ya kukiwekea alama. Vigingi vilikitwa pembeni na tangazo likabandikwa lenye jina na tarehe. Katika kambi nyingi, sururu na sepetu zilizoachwa shimoni zilitosha kuonyesha kwamba mwenyewe yupo na atarudi. Asiporudi ndani ya siku zilizokubaliwa, kipande kilikuwa wazi kwa mwingine. Anayejua maisha ya machimboni Geita au Chunya hatashangaa. Rashi inapotokea, yaani watu wanapokimbilia madini mapya, hufika kabla ya ofisi, na utaratibu wa kwanza hutungwa na waliopo.

Kanuni hizo za mikutano ndizo Bunge la Marekani lilizozigeuza kuwa sheria, kwanza mwaka 1866, kisha kwa Sheria ya Madini ya 10 Mei 1872. Sheria hiyo bado inatumika. Inaruhusu kipande cha futi 1,500 kwa 600 juu ya mwamba wenye madini, yaani kama mita 457 kwa 183, au ekari 20 kwa mchanga wenye dhahabu, na ilidai kazi yenye thamani ya dola 100 ifanyike kila mwaka. Kwa hiyo Mmarekani anaweza kupigilia vigingi hata leo katika ardhi ya serikali kuu, na msemo huu kwake bado una udongo miguuni.

Ardhi hiyo haikuwa na wenyewe?

Ilikuwa nao. Coloma lilikuwa eneo la watu wa Nisenan kabla Marshall hajazaliwa. Kanuni za machimbo ziliangalia nani amewahi kupigilia kigingi, na hazikuuliza nani amezikwa pale. Wenyeji wa California walikadiriwa kuwa 150,000 hivi mwaka 1848. Kufikia 1870 walikuwa wamebaki kama 30,000, baada ya magonjwa, njaa na mauaji. Hata miongoni mwa wageni dai halikuwa sawa: mwaka 1850 California iliweka kodi ya dola 20 kwa mwezi kwa wachimbaji wa kigeni, na wengi wa watu wa Mexico na Chile wakaacha mashimo yao.

Ninalieleza hili darasani kila ninapofundisha msemo huu, ingawa wapo wanaoniambia kwamba hiyo ni historia, si lugha. Mimi naona ni lugha. Msemo ulizaliwa kinywani mwa mtu aliyefika juzi, na harufu hiyo haijautoka.

Je, kupigilia kigingi kulitosha?

Hapana. Kisa kinachoeleza vizuri zaidi ni cha Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Mwezi Agosti 1896 dhahabu ilipatikana katika kijito kilichokuja kuitwa Bonanza. Kundi lililoipata lilikuwa na George Carmack, mzungu kutoka California, pamoja na shemeji yake Keish, mtu wa kabila la Tagish ambaye wazungu walimwita Skookum Jim, na mpwa wa Keish aliyejulikana kama Dawson Charlie. Watu wa familia yao wameshikilia siku zote kwamba aliyeiona dhahabu kwanza ni Keish. Lakini dai la ugunduzi, ambalo kwa sheria ya Kanada lilimpa mgunduzi kipande cha ziada, liliandikwa kwa jina la Carmack. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenyeji hangekubaliwa kama mgunduzi.

Carmack alibandua gome la mti kwa shoka na kuandika dai lake juu ya shina. Kisha ikabidi asafiri hadi Fortymile, ilikokuwa ofisi ya serikali, kuliandikisha. Kigingi kilimpa nafasi; daftari ndilo lililompa haki. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kama kuna mahali msemo huo ulitimia wazi kuliko katika kijito kile.

Basi ukikutana na sentensi isemayo mtu “has staked a claim”, jiulize yuko hatua gani. Amekita kigingi tu? Amekwenda kuandikisha? Anachimba? Mara nyingi msemo unakuambia hatua ya kwanza peke yake.

Msemo huu una uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Unao, na mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Waingereza na makoloni yao walipendelea kusema “peg a claim” au “peg out a claim”, kwa kigingi kilekile. Tarehe 1 Machi 1893 Lord Rosebery, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alihutubia taasisi ya wapenda makoloni jijini London. Wakati huo serikali yake ilikuwa inabishana ndani kwa ndani iishike Uganda au iiache, maana Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imeishiwa fedha na inataka kuondoka. Rosebery alitaka ishikwe. Akawaambia wasikilizaji kwamba suala si wanachohitaji sasa bali watakachohitaji baadaye, na kwamba, kwa lugha ya machimbo, kazi yao ya wakati huo ilikuwa “pegging out claims for the future”: kupigilia vigingi vya kesho.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Aprili 1893, Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar aliyekuwa ametumwa Uganda kuchunguza hali, aliishusha bendera ya kampuni huko Kampala na kupandisha ya Uingereza. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa nchi lindwa, na mwaka huohuo Rosebery akawa waziri mkuu.

Angalia alichokifanya Rosebery. Alichukua neno la mchimbaji mmoja na futi zake mia chache za mchanga, akalitandaza juu ya nchi zenye wafalme, mabunge, mashamba na makaburi. Neno likabaki dogo na la kawaida, likiwa limebeba bara.

Wajerumani walikuwa wametangulia kwa njia yao. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara na nchi jirani akikusanya alama za machifu kwenye karatasi, akiwemo Mangungo wa Msovero. Kila mtoto wa shule Tanzania anajua mkataba wa Mangungo, na mpaka leo mkataba mbovu wa serikali huitwa hivyo. Hati ya mkutano wa Berlin ilitiwa saini tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Peters akapewa hati ya ulinzi ya Kaiser. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, manowari za Kijerumani zilikuja kutia nanga mbele ya kasri lake mwezi Agosti.

Hati ile ya Berlin, vifungu vya 34 na 35, ilizitaka dola zinazochukua pwani ya Afrika zitoe taarifa kwa wenzao na ziwe na mamlaka ya kweli mahali hapo. Tangazo, na kuonekana upo kazini. Ukiziweka kando ya kanuni za wachimbaji wa California, utaona mfano ni uleule: kinachotakiwa ni wadai wenzako wajue, wala si mwenye ardhi akubali.

Halafu kigingi chenyewe, cha mti, kikaja Kakamega. Dhahabu ilipatikana huko mwaka 1931 na wachimbaji wa kizungu wakaingia mashambani mwa watu. Serikali ya Kenya ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930 iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele, na kipande kikichukuliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Haikupita miaka mitatu. Mwaka 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi yenye madini ichukuliwe kwa fidia ya fedha, bila sharti la kutoa ardhi mbadala.

“Claim” na “dai” ni neno moja kweli?

Yanakaribiana kuliko maneno mengi tunayoyapanga pamoja kwenye kamusi. “Claim” linatokana na Kilatini *clamare*, kupaza sauti, kuita. “Dai” letu lilitoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuita, ambao umetupa pia dua na daawa. Mzungu na Mswahili, kila mmoja kwa njia yake, walianza na mtu anayepaza sauti.

“Miliki” ni ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake umetupa milki, mamlaka na malkia. Hapo hakuna kuita; kuna kushika. Ndiyo maana kuyabadilisha maneno haya mawili si kosa dogo la mtindo. Unamwondoa mtu uani anakopiga hodi, unamkalisha kwenye kiti cha enzi.

Basi niutafsirije?

Inategemea anayedai ni nani na anadai nini, lakini kuna kanuni moja ambayo sijawahi kujuta kuifuata: usiandike “miliki”, “twaa” wala “chukua” mpaka sentensi nyingine katika habari ile ikuthibitishie.

Chukua Ziwa Nyasa. Malawi inasema ziwa lote la upande wa kaskazini-mashariki ni lake hadi ufukwe wa Tanzania, ikitegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Tuseme gazeti la Kiingereza limeandika kwamba Malawi “stakes a claim to the whole lake”. Nikiandika “Malawi inamiliki ziwa lote”, nimeshatoa hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. Nikiandika “Malawi yadai ziwa lote ni lake”, nimesema kilichotokea. Hata jina lina mtego wake, maana upande mmoja unaliita Nyasa na mwingine Malawi. Kuchagua jina ni kupigilia kigingi kidogo.

Mimi mwenyewe nilianza kazi hii kwa kuandika “imejichukulia” kila nilipouona msemo huu, kwa sababu lilinoga kwenye kichwa cha habari. Mhariri mmoja mzee aliniita akaniuliza: “Mwanangu, imekwisha kuchukua, au inataka?” Nilirudi kusoma habari yote upya. Inataka.

Maneno ninayoyatumia zaidi sasa ni haya. “Kudai” peke yake hutosha mara nyingi. Pale ambapo kuna tendo la wazi, kama bendera au tamko la bunge, “kujitangazia haki juu ya” hubeba kile kigingi vizuri. Kwa mwanasiasa anayetaka uongozi, Watanzania tayari tuna “kutia nia”, na sioni sababu ya kutafuta jingine. Kwa ardhi halisi iliyowekewa alama, sema tu kilichofanyika: wamepiga vigingi, wameweka bikoni, wamejipimia viwanja.

“Kujitwalia” ni neno zuri, ila lina lawama ndani yake. Litumie kama habari yenyewe inalaumu.

Na kwenye michezo?

Hapa Kiingereza kinacheza na msemo kwa uhuru, na hapa ndipo tafsiri ya “dai” inapochekesha. Kipa wa akiba akidaka vizuri mechi mbili, ataandikiwa kwamba “has staked his claim for a starting place”. Ukiandika “kipa amedai nafasi”, msomaji ataona mtu amegombana na kocha. Kipa hakusema neno. Alidaka tu.

Watangazaji wetu wana msemo unaokaa hapo kama umeshonewa: amebisha hodi kikosi cha kwanza. Kuna tendo, kuna kusubiri, na mlango bado haujafunguliwa. Maana yote imo.

Niandike “claim to”, “claim on” au “claim for”?

“To” ndiyo ya kawaida, kwa kitu unachokitaka: kisiwa, cheo, sifa. “For” hutumika zaidi kwa nafasi, hasa timu au kazi. “On” ipo pia, kwa ardhi na kwa mambo yanayohisiwa, kama muda wa mtu. Mwenye dai anaweza kuingia katikati: “stake her claim”, “stake their claims”. Usiifuatishe “that”. Ukitaka kusema mtu amedai kwamba jambo fulani ni kweli, tumia “claim” peke yake, kigingi kiache.

“Stake” hii ndiyo ile ya “at stake” na “stakeholder”?

Hapana, usizichanganye. Ile ni ya kamari: fedha au kitu kilichowekwa kusubiri mshindi, kwa Kiswahili dau. Ndiyo maana mtu mwenye maslahi katika jambo tunamwita mdau. Anayepigilia kigingi huenda hana dau lolote pale. Ndiyo kwanza anafika.

“Lay claim to” ina tofauti?

Ndiyo, ingawa kamusi nyingi huziweka pamoja. “Lay claim to” ni ya zamani zaidi na ina sauti ya mahakama na wafalme; mtu anaweza kuifanya kwa maneno tu, hata kwa jambo la zamani ambalo halina mshindani. Mji unaweza “lay claim to” kuwa ndiko kahawa ilikoanza. “Stake a claim” inataka mbio. Inaashiria kuna wengine njiani na umeona heri uwahi.

Mbio hizo zilikuwa za kweli. Tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, watu wapatao 50,000 waliruhusiwa kuvuka mpaka kwa farasi, magari ya kukokotwa na miguu kuingia sehemu ya Oklahoma ambayo serikali ilikuwa imewaondolea haki watu wa Creek na Seminole. Kila mmoja alikuwa na vigingi vyake. Waliojipenyeza kabla ya saa waliitwa “Sooners”, waliowahi mno, na jina hilo la wavunja kanuni leo limekuwa jina la fahari la timu za Chuo Kikuu cha Oklahoma.

Watoto wa Kimarekani wakisema “dibs”, ni jambo hilohilo?

Ni mdogo wake. Anayesema “dibs” kabla ya wenzake amekipata kipande cha mwisho cha keki au kiti cha mbele garini, kwa kutamka tu. Chicago neno limekua likawa desturi ya watu wazima: theluji nzito ikianguka, aliyetoa jasho kusafisha nafasi ya kuegesha gari barabarani huweka kiti kibovu au ubao mahali pale akienda kazini, na majirani huheshimu. Barabara ni ya umma, sheria haimpi haki hiyo, lakini ametoa jasho lake na kigingi chake kinaonekana.

Aliyewahi kugombea daladala jioni Kariakoo anaielewa desturi hii bila mkalimani. Begi likirushwa dirishani likaangukia siti, siti imepata mwenyewe. Wengine wataheshimu, wengine watalisogeza na kukaa, na ubishi utaendelea mpaka Mbagala. Kwa tafsiri ya mazungumzo ya watoto, “nimewahi!” inatosha kabisa.

Ofisini wananiambia “take ownership”. Nimepewa kitu?

Hujapewa. Unaambiwa ulichukue jambo kama lako: ulisimamie, ulijibie, likiharibika usimtafute wa kumlaumu. Kiswahili chake ni kubeba dhamana au kusimamia. Haina uhusiano na vigingi.

Nalitaja hapa kwa sababu tafsiri yake mbovu huumiza watu. Ripoti za miradi hupenda kuandika kwamba wanakijiji “wanamiliki mradi”. Mwanakijiji akisikia anamiliki kisima, ana haki ya kuelewa kwamba anaweza kukifunga, kupanga bei ya ndoo na kuuliza hesabu. Ikiwa anachotakiwa ni kukilinda na kuchangia matengenezo tu, aambiwe hivyo. Kumpa mtu neno la milki na kumnyima milki yenyewe si haki.

“Jump a claim” na “pull up stakes” ni za ukoo huu?

Zote mbili. “Jump a claim” ni kuvamia kipande cha mwenzako akiwa hayupo, au kutafuta kasoro kwenye uandikishaji wake ili ukichukue. “Pull up stakes” ni kuhama moja kwa moja na kila ulichonacho. Sisi watu wa pwani tunang'oa nanga. Wao wanang'oa vigingi.

Marekani ilipoweka bendera mwezini, ili “stake a claim”?

Kisheria, hapana. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujitwalia mwezi au sayari nyingine, na Marekani ilikuwa imeutia saini kabla wanaanga wa Apollo 11 hawajatua tarehe 20 Julai 1969. Mwaka 2007 Warusi waliokuwa ndani ya nyambizi ndogo waliposimika bendera ya titani chini ya bahari kwenye Ncha ya Kaskazini, nayo haikuipa Urusi sakafu ile. Chini ya mkataba wa bahari wa 1982, nchi hupeleka vipimo na hoja mbele ya tume ya kisayansi. Lakini watu wakiona bendera huwaza kigingi, na waandishi wa habari huandika walichowaza. Hapo mtafsiri awe macho maradufu.

Nina mgogoro wa shamba la familia na barua inatakiwa kwa Kiingereza. Niandike “we have staked a claim”?

Usiandike. Nakusihi. Kwa sikio la Kiingereza sentensi hiyo inakuhamisha: inakutoa kwenye shamba la babu yako na kukuweka miongoni mwa waliofika na vigingi. Anayesoma atauliza mlifika lini na mlimkuta nani.

Mtu aliyezaliwa pale hana haja ya msemo wa mgeni. Andika kwamba ardhi ni yenu na mmekuwa mkiilima tangu mwaka fulani: “we own”, “our family has farmed this land since”. Kisha taja vitu kwa majina yake: minazi na nani aliipanda, makaburi na ya akina nani, majirani wa pande zote nne, risiti za kodi kama zipo. Kama kuna upande mwingine uliokuja na kuweka bikoni, msemo huo utumie kwa hao, na uandike tarehe waliyoziweka.